Siku Tulipokata Chai ya Jirani

Jirani yangu nilimchukia kabla ya ile mvua ya mawe, na sitaki mtu adhani mvua ndiyo iliyotukosanisha. Nilipokuja kununua robo tatu ya ekari huku juu ya Mogogosiek, baada ya miaka kumi na tisa ya kukata chai ya kampuni, yeye ndiye alimwendea aliyeniuzia akamwambia anaingiza mtu wa Kisii katikati ya kabila lao. Hilo nililisikia. Halafu Jumapili moja baada ya ibada, wazee wakaniomba nieleze namna ya kupogoa, yaani kukata kichaka cha chai hadi chini ili kichipuke upya. Sijamaliza sentensi mbili, jirani akasema kutoka benchi la akina mama, "Huyu alikuwa kibarua wa panga. Atatufundisha nini kwa chai yetu?" Watu wakacheka, na wengine wao ni watu niliowasaidia kuchimba makaburi ya wazazi wao. Nikakaa chini, na tangu siku hiyo sikufungua tena mdomo kuhusu chai mbele ya watu.

Mvua ya mawe huku kwetu si habari. Inakuja alasiri, inapiga, tunatoka nje kuangalia hasara, maisha yanaendelea. Lakini ile ya kabla ya Krismasi ilikuwa na ubaya wake. Ilishuka kwa dakika chache tu, na ilipoacha, chai ilikuwa vijiti vitupu, gome limechunika upande mmoja. Kwangu iligusa pembeni tu. Kwa jirani ilimwagika yote.

Sasa huyu mama ni mjane, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa amelimezea mate lile shamba miaka mingi. Alitaka kung'oa chai apande mikaratusi ya kuuza nguzo za stima. Wazee wa ukoo walikuwa wamekata maneno: mradi chai inachumwa, shamba ni la mama, na siku chai itakufa, shemeji achukue. Kila mtu alijua hivyo. Mimi pia nilijua, tusidanganyane.

Januari kanisa likaunda kikundi cha kujitolea, kila Jumamosi shamba moja. Mwenyekiti wetu alikuwa mwalimu mstaafu asiyemiliki hata kichaka kimoja cha chai. Alikuwa ametumiwa video kwa simu, watu wa nchi za ng'ambo waliopigwa na kimbunga huko ufuoni. Walikuwa wanaimba huku wanafyeka bustani, wanakata kila kilichovunjika na kubeba takataka, halafu mwishoni unaonyeshwa minazi imerudi kijani na ndege wa baharini wametua. Video hiyo alituonyesha mara nne. Akatushonea hata fulana za manjano. "Kata yote iliyoumia," akasema, "mpya itaota."

Ndiyo, kwa minazi labda. Chai iliyopigwa na mawe haikatwi. Unaiacha ijikusanye, itoe majani, ipate nguvu. Ukilazimika kuikata, unaacha tawi moja au mawili yenye majani, ambayo kule kampuni tuliyaita mapafu, na matawi uliyokata unayalaza juu ya kichaka kuzuia jua. Na jua la Januari hapa halina huruma. Hayo yote mimi nilikuwa nayo kichwani siku tulipoingia shambani kwa jirani, watu kama ishirini, mapanga mkononi.

Mwenyekiti akaongoza sala, akapiga picha, akasema tukate zote ziwe sawa, na matawi yatolewe shamba libaki safi. Akina mama wakafurahi kwa sababu ya kuni. Jirani alikuwa amesimama kando ya mstari wa kwanza, leso begani, mikono ameifumbata kifuani. Akauliza, "Sasa, ni sawa tukate zote?" Mwenyekiti akamjibu haraka kwamba ni sawa kabisa, mama asiwe na wasiwasi. Mimi nikainama kunoa panga. Moyoni nikasema, mimi si ni kibarua wa panga tu? Basi nitapiga panga. Potelea mbali.

Nilipewa mistari sita. Nilikata kama nilivyofundishwa, pigo moja kwa tawi, mlalo ule ule, kimo kile kile, hakuna gome lililopasuka. Sikuacha pafu hata moja. Saa saba jirani akatupikia ugali na mboga, akatupa na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, na mimi nilikula nikaongezwa. Nilirudi nyumbani nikiwa na raha, mbele za Mungu nasema ukweli. Nilijiambia, sasa atajua chai ni ya nani.

Jua likawaka wiki sita bila tone. Yangu ambayo sikuigusa ilianza kurudisha majani pembeni. Yake ikabaki visiki vya kijivu. Mwezi wa tatu ulipofika mvua ilirudi, vichaka vichache vikatoa macho ya chipukizi, mekundu mekundu, yakakauka. Nilikuwa napita njia ya ndani kila asubuhi nikiangalia mistari yangu sita, na ile raha ilikuwa imeisha kitambo, lakini ningesema nini wakati huo? Mwenyekiti alisema ni mapenzi ya Mungu. Wazee wa ukoo wakaja, wakakwaruza visiki kwa kucha, wakaona ndani kumekauka. Wiki iliyofuata shemeji alileta vijana na majembe.

Siku ya kung'oa nilimkuta jirani amesimama kwenye ua unaotenganisha mashamba yetu, akiangalia. Sikutarajia angeniongelesha. Nikasema, "Pole, mama."

Akasema, "Baba, wewe ulijua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mtu angenibishia. Nikasema, "Nilijua."

Akatikisa kichwa polepole, bila hasira, na hiyo ndiyo iliniudhi zaidi. "Siku ile niliuliza kama ni sawa," akasema. "Huyo mwalimu anajua nini ya chai? Sikuwa nauliza yeye. Nilikuwa nauliza wewe."

Nikamwambia angeniita basi, angenitaja mbele ya watu kama alivyonitaja kanisani. Akasema aliona aibu. Akaingia kwake, na tangu hapo hatujasemezana.

Bado nina hasira naye. Nikiwa peke yangu huwa nabishana naye kwa sauti, namwambia mtu akitaka msaada wako anakuangalia usoni. Lakini aliniangalia. Mimi ndiye nilikuwa nimeinama, nanoa panga.