Lugha Iliyouliza Kila Mara

Nilitunga lugha yangu ya kuandikia programu za kompyuta, na desturi niliyoitia niliitoa kijijini kwetu Ganda. Nyumbani hatukuchinja mbuzi kabla ya kumuuliza baba. Baba naye alimuuliza kaka yake mkubwa, na huyo akalipeleka swali kwa babu. Hata kama jana tuliambiwa ndiyo, leo tuliuliza upya. Basi katika lugha yangu nikaweka sheria hiyohiyo: kitu ndani ya programu kilichorithi kazi kwa kitu kingine, yaani mzazi wake, kimuulize mzazi kila mara namna ya kuifanya, na mzazi asiyejua apande kwa babu, mpaka jibu lipatikane.

Mwenzangu kazini alinionya kwamba njia hiyo itachelewesha mambo. Alitaka jibu likipatikana mara ya kwanza lihifadhiwe palepale, mzee asisumbuliwe tena. Nikamwambia huko ni kumvunjia mzazi heshima, na yeye hakulelewa. Mungu anisamehe kwa mdomo wangu.

Kwa lugha hiyo niliiandikia zahanati moja ya Kakuyuni programu ya kufungua kadi za wagonjwa. Kompyuta yao ilikuwa kuukuu. Kadi moja ilihitaji maswali maelfu, na kila swali lilianza kupanda ngazi upya. Foleni haikusogea.

Mama yangu alikuwa kwenye foleni hiyo, dawa yake ya presha imemwishia. Watu waliponung'unika, aliwasihi wavumilie kwa kuwa kazi ile ni ya mwanawe. Kwa aibu akawapisha watu watatu mbele yake. Ilipofika adhuhuri akaanguka pale kwenye benchi, na mkono wake wa kulia hauna nguvu mpaka leo.

Kosa lenyewe nililirekebisha alasiri moja, kwa mistari michache tu. Ndilo linaloniuma zaidi, maana lilikuwa jambo dogo na nililikataa kwa kiburi. Nikaenda nyumbani, nikapiga magoti mbele yake, nikamweleza yote bila kujitetea.

"Nilidhani kuuliza kila mara ndiyo heshima, mama."

Alikuwa akihangaika na kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto.

"Mwanangu, mimi nikikwambia jambo nataka ulishike," akasema. "Ukirudi kuniuliza lilelile, najua hukunisikia."

Nikamshikia kikombe anywe, nikashindwa kumtazama.