Slaidi Zilizokwisha Kabla ya Salamu

Aibu hii naisimulia mwenyewe kwa sababu nimegundua wakisimulia wengine wanaongeza chumvi, na wala haikuhitaji chumvi. Waliokuwa kwenye ukumbi wa Kaloleni Jumamosi ile wanaijua. Nyinyi ambao hamkuwako kaeni niwaambie, na mkitaka kucheka chekeni tu, nimeshazoea.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta. Si wa chuo kikuu, hapana, nina chumba kimoja kando ya ukumbi, kompyuta saba (moja imeng'oka herufi E, unabonyeza kishimo), na wanafunzi wangu ni watu wazima ambao mikono yao imefanya kazi zote duniani isipokuwa hii. Kuna Wafula, fundi wa kuchomelea mageti, ambaye wiki ya kwanza alivunja vipanya viwili kwa kuvikamata kama nyundo. Na kulikuwa na Bi Zuhura.

Bi Zuhura amezaliwa Kaloleni, baba yake alikuja kutoka Pwani na kazi ya reli, na kama umewahi kula pilau kwenye harusi yoyote ya mtaa ule basi ujue umekula mkono wake. Anapika na majirani zake wanne, wote wajane au wameachwa, na walikuwa wanapikia uani nyuma ya nyumba yake mpaka watu wakalalamika moshi, nao wakapewa mpaka mwisho wa mwezi waondoe mafiga. Sasa ukumbi una jiko la nyuma, lina bomba la maji na dohani nzuri tu, ila miaka yote limekuwa stoo ya viti vibovu. Kamati ya ukumbi ikatangaza kwamba jiko litapewa kikundi, na wanaolitaka waje Jumamosi wajieleze, dakika kumi kila kikundi. Bi Zuhura akilikosa, wanawake watano wanakaa bila kazi. Hilo nililijua vizuri, msije mkasema sikulijua.

Wakati huo darasani tulikuwa kwenye slaidi. Nilikuwa nawafundisha kuweka picha, sauti, video, na yale maneno yanayoingia yakiruka, na nawaambieni nyinyi, mwanafunzi mgeni ukimwonyesha animesheni ni kama umempa mtoto bakuli la sukari, hakuna kitakachokaa mahali pake tena. Wafula alitengeneza slaidi moja ambapo geti liliingia kutoka kushoto likizunguka, likapasuka vipande, likarudi likiwa zima, na kila hatua ilikuwa na mlio wa kioo kinachovunjika. Nilipomuuliza mteja gani atanunua geti linalopasuka aliniambia, "Si linarudi, mwalimu?" Kwa hivyo nikaweka sheria mbili. Ya kwanza, slaidi moja mbwembwe moja. Ya pili, kabla hujabonyeza chochote soma kwa sauti kila kilichoandikwa mbele yako, kwa sababu walikuwa wanakubali kila wanachoulizwa na kompyuta na nusu ya kazi zao ilikuwa inafutika.

Ya pili hakuna aliyeishika kama Bi Zuhura. Anavaa miwani, anasogea, anasoma yote polepole kwa ile sauti yake ya kuita watu waje kula, mpaka jina la kiwanda lililo ukingoni mwa skrini. Na aliweza, jamani. Alitengeneza slaidi kumi kwa mkono wake mwenyewe: ya kwanza jina la kikundi, ya pili uani wanapopikia na mtaro uliofurika, ya tatu video ya pilau likigeuzwa, ya sita inasema wazi kwamba kazi zao ni za harusi na matanga na zinaangukia Ijumaa hadi Jumapili, na ya mwisho neno "Asanteni" na mlio wa makofi. Makofi nilimwambia ayaondoe. Alikataa, akasema wasipopiga wao kompyuta itapiga.

Ijumaa mchana tukafanya mazoezi. Slaidi ya kwanza ikatokea, Bi Zuhura akasimama akaanza. Bismillahi, salamu, akamwamkia mwenyekiti, akawaamkia wanakamati, wazee, kina baba, kina mama, vijana, akaomba radhi kwa kusimama mbele ya waliomzidi umri, akawaombea wagonjwa, akawakumbuka marehemu, na mimi natazama saa, dakika saba zimekwisha na slaidi ni ileile ya kwanza. Tena kila alipobonyeza ile rimoti ndogo ya kusogezea slaidi kidole kilimcheza, zikaruka mbili.

"Bi Zuhura, hizo salamu tufupishe," nikamwambia.

"Mwalimu, nitaingiaje kwa watu bila hodi?"

Nikacheka, nikasema haya. Na kama ningekuwa mtu wa kusema haya na kumaanisha haya, leo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia.

Jioni nikiwa kwangu, mtaa wa Tena, chai mkononi, nikaifungua kazi yake. Nikajiambia nitamsaidia. Nikazisoma slaidi zake mimi mwenyewe, kwa mwendo wangu, nikaona sekunde ishirini kila moja zinatosha na zinabaki, nikaziweka zijisogeze zenyewe asihangaike na rimoti. Nikaweka pia zikifika mwisho zianze tena, ili pasibaki giza ukutani (wazo hilo nililiona la kitaalamu sana). Halafu chini ya kila slaidi kuna mahali pa msemaji kuandika maelezo yake, wasikilizaji hawapaoni, nikaandika makosa ya mazoezi, nije nimkumbushe. Nilikuwa nimechoka na nilijiandikia mwenyewe, si yeye. Ningefuta asubuhi. Na sikumwambia lolote kati ya hayo, nikasema nitamtia wasiwasi bure.

Akanipigia simu usiku uleule kuuliza abebe mahamri ya wanakamati au asibebe. Nikamwambia asijisumbue, siku hizi watu wanakula kwa macho, video inatosha.

Jumamosi kikundi cha kwanza kilikuja na karatasi moja na ndoo ya chapati zilizofunikwa kitambaa. Walisema dakika sita, wakagawa chapati, wakaketi. Mimi nilikuwa nyuma kabisa, simu juu, narekodi, kwa sababu nilitaka kipande cha video cha kutangazia darasa langu. Ndiyo. Katika yote hayo nilikuwa nawaza tangazo.

Bi Zuhura akasimama kwenye kipaza sauti, ameupa ukuta mgongo, buibui limepigwa pasi. Akaanza hodi yake. Alipokuwa anawaamkia wanakamati ukuta ulionyesha mtaro, maji meusi, na maneno yakaingia moja moja yakidunda: HALI NI HII. Mwenyekiti akageuza shingo. Alipofika kwa wazee video ya pilau ikawaka, mafuta yakalia kwenye spika, yeye akapandisha sauti akaendelea kuamkia akidhani ni mvua juu ya mabati. Mimi nikajituliza kwamba atawahi. Akiwa kwa vijana tukafika slaidi ya kumi, makofi yakalipuka. Bi Zuhura akainamisha kichwa kidogo.

"Asanteni," akasema, "lakini bado."

Watu wakacheka, wakacheka kwa wema. Slaidi zikaanza upya. Na mimi badala ya kwenda mbele wakati huo, nikiwa bado na nafasi ya kuokoa, nikabaki pale nikisema moyoni kwamba nikipita katikati ya watu nitaharibu video yangu.

Akaomba radhi, akaombea wagonjwa, ukuta nao ukapitisha tena mtaro, pilau, kina mama watano, sahani, kila kitu. Kisha akashusha sauti. "Na tuwakumbuke wenzetu waliotutangulia, waliotumikia ukumbi huu, Mungu awalaze mahali pema." Na hapo ndipo makofi yakaja mara ya pili. Makofi marefu, ya kushangilia, juu ya marehemu. Mzee mmoja wa mbele aliyezika mkewe mwezi uliopita akamtazama Bi Zuhura, akatazama spika, akavua kofia akaivaa tena.

Nikakimbia. Nilipita kati ya viti nikikanyaga mikoba, nikafika kwenye meza, slaidi imesharudi ile ya kwanza, nikabonyeza kitufe cha kuzima. Maonyesho yakajifunga kweli, ila ukutani pakabaki ule ukurasa wa kutengenezea, slaidi juu, na chini yake maelezo yangu ya jana jioni, meusi kwenye mweupe, makubwa kiasi cha mtu kusoma akiwa kwenye kiti cha nyuma.

Bi Zuhura akageuka kwa mara ya kwanza. Akaona maandishi. Akavaa miwani.

Mimi ndiye niliyemfundisha. Alisoma kwa sauti, polepole, kila neno, na kipaza sauti kilikuwa mkononi mwake.

"Hapa. Bibi. Anapiga. Domo. Asipokatwa. Hamalizi."

Hakuna aliyecheka. Wangecheka ningeshukuru. Nilikuwa nimeinama juu ya meza, mkono bado kwenye kitufe, nikiona aibu mpaka kwenye masikio, na nilijua hata nikiizima projekta sasa haisaidii. Maji yakimwagika hayazoleki. Niliizima hata hivyo.

Bi Zuhura akavua miwani, akaikunja. Aliniangalia mara moja tu, kisha akawageukia watu.

"Wanakamati, mwalimu wangu ana haki, muda wenu nimeula. Tuko wanawake watano, tunapika, na mwisho wa mwezi hatuna pa kupikia. Tunaomba jiko. Asanteni."

Akaketi. Mwenyekiti akasema bado ana dakika mbili kama ana la kuongeza. Akasema hana.

Matokeo yalitoka Jumatano. Kamati iliona vikundi vyote viwili vinafaa, ikagawa wiki: wenye chapati wakapewa Alhamisi hadi Jumapili, kina Bi Zuhura Jumatatu hadi Jumatano. Nilimfuata mama mmoja wa kamati nikamuuliza nani anaoa Jumanne. Akashangaa. Akasema wao hawakujua ni mambo ya harusi, mbona yule mama hakusema. Nikamwambia ilikuwa kwenye slaidi ya sita, ilipita ukutani mara mbili. "Mwalimu," akaniambia, "sisi tulikuwa tunamsikiliza yeye."

Jumatatu Bi Zuhura hakuja darasani, na Jumatatu iliyofuata pia. Wafula akaniangalia akasema, "Haraka haraka, mwalimu," akaishia hapo, akarudi kwenye geti lake. Wiki ya tatu, siku ya Jumanne, nikajikaza nikaenda kule jikoni. Walikuwa wanapika sufuria moja tu, chakula cha mchana cha kuuzia mafundi. Nikapiga hodi.

Akanikaribisha. Akaniuliza habari za asubuhi, za nyumbani, za mama yangu na ile presha yake, za baba, za kaka zangu mmoja mmoja kwa majina, za darasa, za Wafula, na mimi nilijibu zote. Sijui zilichukua muda gani, sikutazama saa. Zilipokwisha ndipo nikasema niliyokuja kusema, nikasema vibaya, nikalia kidogo katikati (sijivunii), nikamwambia nimemharibia jiko na nimemvunjia heshima mbele ya watu wake.

Alikuwa anachambua mchele. Hakuuacha.

"Nilikusamehe Jumamosi ileile, sikulala nayo," akasema. "Lakini darasani usiningoje. Jiko ningelikosa lote nisingekulaumu, mambo ya mitambo hayo. Ila Ijumaa nilikaa na wewe mchana kutwa, mwanangu. Mimi na wewe, mlango umefungwa. Si ungeniambia?"

Akanipakulia sahani, nikala.

Bado nafundisha animesheni, ndiyo kazi yangu. Ila siku hizi mtu akija na hotuba, kompyuta inakaa imefungwa kwanza, anasimama ananihutubia mimi na viti, na hodi zake zote, na kama naona anarefusha namwambia palepale usoni, akikasirika akasirike nikiwa nipo. Kuandika chini ya slaidi ya mtu niliacha kabisa. Na Jumamosi kukiwa na harusi ukumbini naalikwa mara nyingi, watu wa Kaloleni hawana kinyongo, nakaa mezani, wanaleta chapati.