Hodi ya Kisiwani

Mtega panya wa mji wa Nyangwe alikuwa na vidole vilivyopinda kwa kubanwa na mitego yake mwenyewe. Tangu boti ya Wabelgiji ilipokwama kwenye kisiwa cha mtoni na panya wa magunia ya pamba wakashuka, walikuwa wakila mayai ya ndege weusi wasiotaga penginepo. Kila asubuhi, kabla ya kukanyaga mchanga, alipiga hodi kwa sauti ya mgeni mwenye haya, na ndege walimwitikia kwa kelele. Siku moja nilikuwa naye mtumbwini, nikimsaidia kutega. Alipiga hodi mara tatu, akingoja kila mara. Hakuna ndege hata mmoja aliyeitikia.

“Tushuke tu, baba, tutege,” nikasema.

“Nyumba haiko na mutu,” akajibu polepole. “Tutaingia kwa nani?”

Akageuza mtumbwi, mitego ikiwa bado miguuni pake.