Nambari Aliyoniachia Jaspal

Enzi zetu hapo Kitale, miaka ya themanini, tuligawiwa maziwa ya pakiti shuleni, tukayanywa tukitetemeka, magoti yamepauka kwa baridi. Wenzetu wakishakunywa walikimbilia mpira wa makaratasi. Mimi na Jaspal, mtoto wa Kalasinga mwenye duka la vitambaa, tulikuwa na wazimu wetu: kuvunja nambari. Mmoja anataja nambari, mwenzake anatafuta ndogo za kuigawanya bila kubakisha kitu. Ukinitajia 91 ukidhani umenikomesha, nakuvunjia papo hapo: saba mara kumi na tatu. Zisizovunjika mwalimu aliziita nambari tasa, na kwetu hizo ndizo zilizokuwa na sifa, hasa zikiwa kubwa.

Siku ya kufunga shule, Desemba, Jaspal alinishika bega pale langoni.

"Hii huwezi, bana. 10007. Tukifungua utaniambia."

Likizo nilipelekwa Kamukuywa kwa nyanya, kazi yangu ikiwa kulinda mahindi yaliyoanikwa uani. Nikachukua kijiti nikaanza kugawanya mavumbini. Saba ikabakisha nne. Kumi na tatu ikabakisha kumi. Nyanya akanikuta nimeinama, kuku wanajilia.

"Wewe ati unaandika, na kuku zinamaliza mahindi. Si basi tutapika hiyo hesabu tukule."

Nilikula kiboko, kesho yake nikaendelea. Nilipofika 97, tasa ya mwisho chini ya mia, ikabakisha kumi na sita, nikasimama. Nambari mbili zilizopita mia moja zikizidishwa zinaipita 10007, kwani hata 101 mara 101 ni 10201. Kama ingekuwepo kubwa ya kuigawanya, mwenzake mdogo ningekuwa nimeshakutana naye. Basi ilikuwa tasa. Hakuna aliyenifundisha hilo. Jaspal alikuwa amenishinda, nami nilitamani Januari ifike nimwambie.

Niliporudi Kitale nilikimbia dukani kabla mizigo haijateremshwa. Nikamkuta mtu nisiyemjua akipanga sufuria kwenye rafu za vitambaa.

"Wale walihama, kijana. Ati ni Uingereza, ati ni Kanada, sijui."

Nilikaa kwenye ngazi ya duka nikalia.

Juzi nilimsimulia binti yangu. Hawa wa siku hizi, hata saba mara nane wanaiuliza simu. Akabonyeza, akasema haigawanyiki, sijamaliza hata kueleza. Nikamwambia nilivyoamini miaka yote: Jaspal alijua wanahama, akanipa nambari isiyovunjika badala ya kwaheri. Nimejifariji sana na hilo.

Akainua macho. "Na kama hata yeye hakuambiwa, Baba?"

 Watoto wa sasa wangepigiana simu gari likiwa bado barabarani. Sisi mambo ya kuhama yalikuwa ya wakubwa; uliamshwa tu asubuhi ukaambiwa panda. Huenda Jaspal naye alipandishwa hivyo hivyo, akidhani wanaenda matembezi, akingoja Januari nimletee jibu.