Nilikataa Noti ya Mahari ya Binti Yangu Mbele ya Wakwe

Nilikosa. Naanza na hiyo ili musisome mukitafuta muntu mwingine wa kulaumu. Si shetani, si majirani, si bei ya dola. Ni mimi, muzee mwenye mvi, niliyeharibu siku ya mahari ya binti yangu kwa hii mikono yangu miwili, na kuku wakiwa tayari mu sufuria.

Jina langu siweki. Hapa Kalemie wenye kunijua watanijua tu, maana walicheka vya kutosha.

Kazi yangu ni kambiste. Kama wewe si wa huku, ni wale watu wanaokaa kando ya barabara na meza ndogo, franga zimepangwa juu kama matofali. Unaleta dola, nakupa franga. Unaleta shilingi za Kigoma, nakupa dola. Masomo niliachia mwaka wa tatu wa primaire, baba alipokufa na minerval, ile feza ya masomo, ikakosekana. Nikabeba magunia ya ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa, pa bandari mpaka shingo ikakuwa ngumu. Kwa ile shingo nilinunua meza. Kwa ile meza nilijenga nyumba, nikasomesha watoto, mumoja leo ana biro, ofisi yake mwenyewe, na kiti cha kuzunguka. Nani mwingine alinisaidia? Hakuna.

Wenye diploma walikuwa wanakuja kwangu kuniuliza kama noti yao ni ya kweli. Nilikuwa nasugua kidole pa kola ya koti ya yule muzee aliyechorwa pa dola. Noti ya kweli inakwaruza kidogo pale. Sikuwa hata naangalia. Macho yako barabarani, nasalimia watu, kidole kinafanya kazi peke yake. Na nilijisifu, ndiyo. Nilisema mbele ya watu kwamba siku noti ya uongo ikipita pa kidole changu, wachimbe kaburi wanizike.

Ikapita.

Ilikuwa ile miezi franga ilianza kupata nguvu kwa ghafla. Sisi wote tulizoea kwamba dola njo inapanda, franga kazi yake ni kushuka. Dola niliyonunua asubuhi, mangaribi hakuna muntu aliitaka kwa ile bei. Nilipoteza. Nikapoteza tena. Nikakasirika, nikataka kurudisha yote kwa siku moja. Njo pale kijana mumoja mwenye miwani alinipa noti ya mia, nikaisugua mbio mbio, nikamupa franga zake akaenda.

Pembeni yangu anakaa Mama Zawadi. Ile kazi nilimufundisha mimi mwenyewe, zamani alikuwa anauzisha mihogo. Nilimupitishia ile noti anibadilishie. Aliishika, akanirudishia bila maneno. Heri angenitukana! Kule kurudisha bila maneno njo kuliniua.

Sikumuambia bibi yangu, mama ya watoto wangu. Hapo njo kosa lilizaliwa, na mengine yote ni watoto wake. Niliificha ile noti ndani ya kofia yangu, nikamuambia bibi kwamba ni malaria. Malaria ya miezi mitatu! Usingizi ukakimbia, tumbo likakataa ugali, moyo ukaanza kupiga hata nikiwa nimekaa tu. Muuguzi akanipima, akasema ni tansio, damu inapanda, nipunguze chumvi. Nikapunguza chumvi. Dola haikujali.

Asubuhi nilikuwa nafungua meza nikiomba Mungu muteja asikuje. Mumesikia kambiste wa namna hiyo? Akikuja, nasugua noti, naigeuza, nainusa, nainua pa jua, nasugua tena, mpaka muntu ananyanganya feza yake anaenda kwa Mama Zawadi. Na mikono ilikuwa inatoka jasho, na kidole chenye jasho hakisikii kitu. Noti zote zilikuwa laini. Dunia yote ilikuwa ya uongo.

Nikanunua taa, kataa kadogo, kale kenye mwangaza wa bluu wanakotumia kupima feza. Nilikapenda kuliko watoto. Nilikamulika pa meza, nikakamulika sokoni. Kanisani niko kati ya wazee wanaohesabu sadaka, nikamulika hata sadaka. Padri alikuja akasimama nyuma yangu, akaniuliza kwa upole kama namuchunguza Mungu ao waumini. Juma iliyofuata wakanipa kazi ya kupanga viti.

Sasa mahari.

Binti yangu Riziki alipata kijana wa Moba, mwalimu, mutoto wa heshima. Familia yake ilikuja na mashua siku ya alhamisi, mahari iwe jumamosi. Aliyewaongoza ni baba mudogo wa yule kijana, Papa Kisimba, muntu murefu, musemaji wa taratibu.

Desturi yetu wote tunaijua. Baba wa binti hagusi. Feza inakuja pa sahani, imefunikwa kitambaa, musemaji wa familia njo anahesabu. Kwetu alikuwa mudogo wangu Anzuruni. Baba anakaa kimya na koti yake kama sanamu. Mwishoni anafanya kazi moja tu: anamuita binti na kumuuliza kama tuikule ile feza. Binti akisema ndiyo, vigelegele. Akikataa, wageni wanarudisha mashua.

Anzuruni akafunua kitambaa, akahesabu, akasema ni sawa. Watu wakaanza kupiga makofi. Na mimi, mikono ikaanza kuniwasha. Niliona noti moja ya mia pale juu, ikanitazama. Nakuambia, ilinitazama! Nikajiambia: na hii nayo ikipita mbele ya familia yote?

Nikasimama. Nikachukua ile noti pa sahani. Anzuruni akanivuta koti, nikapiga mukono wake. Nikasugua pa kola. Laini. Nikasugua tena. Laini. Nikatoa kataa mu mufuko wa koti. Ndiyo, nilikuwa nimekuja nako pa mahari ya binti yangu. Nikamulika, mwangaza unaruka pa ukuta, pa nyuso za wakwe, pa kofia ya bibi mukubwa, muzee wao aliyetoka nao Moba. Nikasema kwa sauti kwamba hii noti ni ya uongo.

 Nilisikia mafuta yakilia jikoni.

Papa Kisimba akasimama polepole. Hakukasirika, na hiyo ilikuwa mubaya zaidi.

"Papa, hii noti ulinipatia wewe."

Nikacheka. Nikamuambia sijawahi kumuona pa meza yangu.

"Jana, pa meza yako. Nilikuwa nimevaa kofia ya majani. Tulifika na franga, tukauliza watu wa bandari: baba wa binti anafanya kazi gani? Wakasema kambiste. Tukasema basi, dola za mahari tununue kwake mwenyewe, hatapata neno la kusema."

Akaingiza mukono mu mufuko, akatoa kampira kekundu, akakaweka pa sahani.

"Na kamba yako njo hii."

Mipira yote myekundu ya kufunga feza mu ule mutaa ni yangu. Nakata mwenyewe mu mupira wa ndani wa kinga, yaani baiskeli, kila muntu anajua. Yule muzee wa kofia ya majani nilimukumbuka pale pale. Nilimupa dola mbio mbio ili aondoke, maana nilikuwa naogopa.

Mama Zawadi alikuwa kati ya wageni. Akakuja, akachukua noti, akasugua mara moja tu.

"Ni ya muzuri. Papa, mikono yako imeloa. Hata nikupe mukate leo utasema ni wa uongo."

Watu wakacheka kidogo. Mulango wa kutokea ulikuwa pale, wazi kabisa. Ningecheka na miye, ningeomba musamaha, tungekula kuku. Lakini miye, muntu aliyejijenga mwenyewe, nichekwe mu nyumba yangu na muuza mihogo? Nikasema neno ambalo mpaka leo linaniuma. Nikasema: basi mumeibadilisha njiani.

Yaani niliwaita wezi. Wakwe!

Papa Kisimba akafunika sahani na kitambaa, akaibeba. Wakatoka mumoja mumoja, bibi mukubwa nyuma, anashikwa mukono. Riziki alikuwa amesimama pa mulango wa chumba na kitenge chake kipya. Hakulia. Aliniangalia tu namna wateja walivyokuwa wananiangalia, akafunga mulango.

Bibi yangu alizima moto chini ya sufuria, akakuja kukaa mbele yangu.

"Sasa sema. Anaishi wapi?"

"Nani?"

"Yule mwanamuke. Miezi mitatu haulali, haukuli, unaficha kofia. Ni wa Uvira?"

Nikavua kofia. Nikatoa ile noti ya uongo, nikamuelezea yote, kijana wa miwani, kuomba wateja wasikuje, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akashika ile noti, akaiangalia sana, akaniuliza kama ni hii karatasi tu. Nikasema ni hii tu. Alicheka mpaka akajifuta macho na kitenge, halafu akalia kweli, kwa ajili ya Riziki. Nakuambia, ule usiku nililala. Binti yangu amekosa bwana na mimi nalala kama gunia! Kumbe dawa ilikuwa kusema tu, na ilikuwa bure, na ilikuwa mu nyumba.

Kesho yake, kabla mashua ya Moba haijaondoka, nilienda na Anzuruni pale walipolala. Sikuvaa koti. Nilipiga magoti pa muchanga, miye ambaye sijawahi kupigia muntu magoti tangu bandari. Nikasema: feza ilikuwa ya kweli, ninyi ni watu wa kweli, wa uongo nilikuwa mimi.

 Papa Kisimba akasema wameongea na kijana wao, na kijana amekataa kurudi Moba bila Riziki. Lakini faini iko: mbuzi dume. Na neno moja tena: siku ya kurudia, yule mbuzi nimushike mimi, na mikono yote miwili, mwanzo mpaka mwisho.

Mumesikia muzuri. Mahari ya pili, miye na koti yangu, nimekaa mbele ya watu nimeshika kamba ya mbuzi kwa mikono miwili, na mbuzi anakula pindo ya suruali. Watoto wakapiga picha. Anzuruni akahesabu. Nikamuita Riziki.

"Mama, tuikule hii feza?"

 Aliangalia sahani, akaniangalia mimi, akaangalia mbuzi.

"Papa, jibu wewe kwanza. Hii feza ni ya muzuri?"

 Noti ilikuwa juu ya sahani, mbali na mukono wangu. Kataa nilikuwa nimekauzisha. Mikono ilikuwa pa kamba na, ajabu, ilikuwa mikavu.

"Ni ya muzuri," nikasema.

"Basi mukule."

Vigelegele. Mbuzi akashituka, akanivuta mpaka uani na koti yangu, na sikuachia kamba.

Leo niko pa meza yangu. Noti ikinipa mashaka, namupitishia Mama Zawadi, na yeye ananipitishia za kwake. Wanacheka, wacheke.

Lakini wewe unayesoma, wewe muzee mwenzangu unayesema mbele ya watu kwamba haukosei, na umeficha kitu mu kofia: rudi nyumbani leo, vua kofia mbele ya bibi yako. Usingoje siku ya mahari. Mbuzi dume wa Kalemie anavuta sana.