Kichwa Kiliinama Chenyewe

Sijawahi kuambia mtu hii: shuleni nilisema sijui Kimaasai, nisichekwe. Najua vizuri sana.

Leo jioni tulikuwa kwa treni ya kutoka Nairobi kwenda Athi River, mimi na Mercy wa darasa letu. Tumesimama, miguu inauma.

Nyanya mmoja wa shuka na shanga alikuwa anauliza abiria kwa Kimaasai kituo cha hospitali ni kipi. Binti yake amefanyiwa operesheni na saa za kuona wagonjwa zinaisha.

Hakuna aliyemwelewa. Mimi nilielewa kila neno.

Nikajifanya nasoma simu. (Haikuwa na chaji.)

Kituo chake kikapita.

Halafu akafika mbele yangu, na kichwa changu kikainama chenyewe, vile tulifunzwa tukiwa wadogo, ili mkubwa akiguse.

Akakigusa. "Takwenya," akanisalimia.

"Iko," nikajibu, kabla sijafikiria.

Mercy akapasuka kwa kicheko. "Wee! Kumbe unajua!"

Nyanya hakucheka. Aliniuliza polepole, "Sasa mtoto wangu, mbona ulininyamazia?"

Nikashuka naye kituo kilichofuata, tukarudi kwa miguu. Askari wa geti la hospitali akasema, "Pole shosho, rudini kesho."

Nimechoka jameni. Nyinyi mngemjibu nyanya huyo nini?

Nasikia mama anakuja kwa mlango wangu. Yeye ndiye alinifunza Kimaasai, na hajui nimekuwa nikikikana. Kawaida ningefunika simu hii ninayoandikia.

Leo siifuniki. Asome yeye kwanza, ndio niposti.