Wiki Niliyoikodi kwa Dada

Kwa siku nne swali lilikuwa moja, nalo lilinitoa usingizini kila siku kabla ya adhana ya alfajiri: niiache ile wiki ife, au nimwachie dada aende na mama yangu? Nikijibu "ife" nilijiona mbaya. Nikijibu "aende" nilijiona mjinga. Nikageuza mto upande wa baridi, nikaanza tena tangu mwanzo, kwani mimi jambo siwezi kuliwaza kutoka katikati.

Mwanzo wenyewe ni huyo dada. Si wa tumbo moja nami. Ni binti wa mama mkubwa, dada yake mama, na ananizidi miaka sita. Sisi tulikaa Hail, yeye na mumewe walikaa mjini, naye alifanya kazi benki. Alikuwa na kicheko kinachosikika tangu getini, na mama akikisikia tu aliacha alilokuwa akilifanya. Mimi nikirudi kazini mama aliniuliza kama nimefunga geti.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, dada na mumewe walijiunga na klabu ya likizo. Walipigiwa simu kwamba wameshinda seti ya mabegi, waende hotelini kuichukua. Wakakalishwa saa tatu, wakatoka na mabegi na mkataba. Walilipa fungu kubwa mara moja, na ada kila mwaka, na kila mwaka klabu ikawapa pointi. Kwa pointi hizo waliweza kuchukua nyumba ya likizo wiki nzima, popote klabu ilipokuwa na hoteli. Pointi zisipotumika ndani ya mwaka wake zinakufa.

Mwaka wa kwanza walikwenda Bali. Dada akarudi na albamu ya picha na sinia la mbao lililochongwa maua, zawadi ya mama. Mama akalisimamisha kabatini sebuleni, mbele ya picha yangu ya mahafali. Haikufunikwa yote. Kofia ilionekana. Nikalisogeza sinia kushoto kidogo. Kesho yake likarudi pale pale. Nikalisogeza tena. Hatukulizungumza hata siku moja.

Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, kemia, nimepata kazi katika maabara ya kiwanda cha rangi kule Rusayl, na nilikuwa bado kwenye miezi ya majaribio. Nilitaka na mimi nimpe mama kitu ambacho hakuna mtu angeweza kukisimamishia sinia mbele. Nilikijua. Mama alizaliwa Pemba, akaondoka msichana kuja nchi hii ya Kiarabu, na kila tukipita kwenye duka la matunda alisema neno lile lile, kwamba hajala doriani tangu siku hizo. Kwenda kwao hakutaka. "Nikaitazame nyumba yetu wanakaa watu wengine? Mie siendi." Lakini dada, aliyekwenda Malaysia mwaka wa pili, alimwambia kwamba kule doriani zinauzwa kando ya barabara kama matikiti ya Batina.

"Na shokishoki?" mama akauliza.

"Mpaka utazikimbia, mama mdogo."

Mwaka wa tatu dada alijifungua mtoto wa kwanza, na pointi zikawa hazina wa kuzitumia. Nikamwendea.

"Nikodishie," nikamwambia.

"Nikukodishie? Mie nimekuwa duka la nguo za harusi?" Akacheka kile kicheko chake. "We mtoto, watu wakisikia nnakutoza pesa wewe, mtoto wa mama mdogo, uso wangu ntauweka wapi?"

"Bure sitaki."

"Kaidi wewe." Akamhamishia mtoto bega la pili. "Basi arubaini ya mtoto inakuja. Njoo umtunze. Kiasi unachokijua mwenyewe. Yaishe."

Ndivyo tufanyavyo kwetu. Karatasi baina ya ndugu ni tusi, na bei ni tusi kubwa zaidi, basi kila kitu hupitishwa mlango wa zawadi. Nikauliza huku na huku pointi kama zile hukodishwa kwa kiasi gani. Siku ya arubaini, nyumba imejaa wanawake na udi unafuka, nikapenyeza bahasha chini ya mto wa mtoto. Ndani mlikuwa na mishahara yangu miwili, karibu yote. Wengine waliweka riali tano, riali kumi. Kwa nje bahasha yangu haikuwa na tofauti na zao.

Baada ya wiki mbili hati ya mgeni ikaja kwa faksi, benki kwa dada, na jina langu juu yake. Tiketi za ndege nikakata mwenyewe. Nikamfuata mama jikoni, nimeyapanga maneno yangu.

"Malaysia?" Mama akakaa. "Dada yako katupa pointi zake?"

Pale pale ningeweza kusema. Lakini kusema nimelipa kungekuwa kumtangaza dada kwamba kanitoza. Nikasema, "Ndiyo, ni zake."

Mama akanyanyua simu. Nikamsikia akimwombea dua dada, na mtoto wake, na mumewe, mpaka na wakwe zake. Kisha akampigia mama mkubwa, kisha shangazi yangu wa Sidab. "Yule mtoto ana moyo, mashallah. Katupeleka Malaysia." Katupeleka. Mimi nimesimama mlangoni na tiketi mkononi.

Alipomaliza akaniona. "Na tiketi umekata wewe, mwanangu? Vizuri. Lazima na wewe uchangie."

Wiki tano kabla ya safari meneja akaniita. Alikuwa Mhindi mpole asiyependa kutoa habari mbaya, akaanza kwa kuniuliza hali ya mama. Wakaguzi wa cheti cha ubora wa kiwanda, tuliokuwa tukiwangojea baadaye, wamesogeza tarehe. Watakuja wiki ile ile ya safari yangu. Maabara tulikuwa watu wawili tu, na mwenzangu, Mkenya aliyenifundisha kazi yote, alikuwa anakwenda kwao kwenye harusi ya mdogo wake. Hakuwa amefika huko miaka miwili.

"Siwezi kukulazimisha," meneja akasema, "lakini bado uko kwenye majaribio." Akaishia hapo, akapanga kalamu zake.

Mwenzangu alinitazama nikirudi. "Nibadilishe tiketi yangu?" akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba akataliwe.

"Hapana. Wewe nenda."

"Aki pole. Kwani hiyo hoteli haiwezi sukumwa mbele kidogo?"

Ndipo nilipokitafuta kijitabu cha masharti kwenye tovuti ya klabu, nikakisoma. Mimi husoma mpaka maandishi ya chupa ya shampuu, lakini hicho sikuwa nimekiomba. Ningekiombaje? Nilikuwa mgeni wa ndugu yangu, na mgeni haulizi masharti ya nyumba. Kilisema kwamba hati yenye jina langu hainipi haki yoyote mbele ya klabu. Kusogeza tarehe, kufuta, kubadili jina, yote ni ya mwanachama. Tukifuta mapema, pointi zinarudi, lakini zinarudi kwa mwanachama. Zikibaki siku thelathini au chini ya hapo kabla ya safari, pointi zimepotea kwa wote. Na aliyeandikwa katika hati asipofika mwenyewe mapokezi, ufunguo hautoki.

Hata hivyo nikapiga simu klabu.

"Wewe ni mwanachama?" mwanamke akaniuliza.

"Ni mgeni."

"Basi mwambie mwanachama atupigie."

"Lakini mimi ndiye—" Mimi ndiye nani? Kwa karatasi zote za dunia hii, sikuwa nimelipa kitu.

Ijumaa nikaenda kwa dada. Mtoto alikuwa amelala kwenye mkeka, na mkononi alikuwa na bangili ya dhahabu.

"Umeiona?" dada akasema. "Tunza yako hiyo! Nikasema kitu chako, mama yake mdogo, lazima kionekane."

Niliutafuta mzaha machoni mwake nikaukosa, na hilo liliniudhi kuliko kama ningeupata. Nikamweleza habari za wakaguzi. Akaipigia klabu palepale, akataja namba yake, akatia na kicheko, na yule yule aliyenifukuza mimi, au mwenzake, akamhudumia kama malkia. Dakika tano tu.

"Hakuna nafasi mpaka Novemba," akaniambia.

Novemba si msimu wa doriani, nami nisingepata likizo mwezi huo.

"Khalas, yamebaki mawili. Nifute, au nibadili jina niende mie na mama mdogo. Mtoto ntamchukua, si tabu. Lakini niambie kabla ya Jumatano. Ikipita Jumatano hata mie siwezi kitu."

Alisema "niende mie na mama mdogo" kwa wepesi, kama mtu anayesema atapitia mkate akirudi.

Nikaondoka na hesabu zangu. Akifuta, pointi zinarudi kwake, na labda kabla ya mwaka kwisha atakwenda Misri na mumewe kwa mishahara yangu miwili. Akienda na mama, nilikwisha kuiona albamu: mama amekaa kando ya barabara, vidole vimejaa doriani, anacheka, na dada ubavuni mwake. Picha ile nitakuwa nimeilipia mimi, na nitaletewa niitazame. Likabaki la tatu, ambalo hakuna aliyenitajia na ambalo nililijua tangu nilipokisoma kijitabu. Ninyamaze tu. Nisipige simu. Jumatano ipite, wiki ipotee, asiipate yeyote. Nitasema kazi zilinizidi nikasahau. Nani angenishuku, mimi ambaye hujulikana kwa woga wangu na si kwa ubaya?

Jumapili nikamwambia mama kwamba likizo imekataliwa. La dada kujitolea kwenda sikumwambia.

"Basi tusiende," mama akasema. "Mie siendi bila wewe."

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: alikuwa amepoteza safari, na mimi nilifurahi kwamba hakutaka kuifanya bila mimi. Furaha yenyewe haikumaliza hata dakika.

"Lakini dada yako atatuonaje? Katupa zawadi, tumemrudishia usoni." Mkono ukaenda kwenye simu. "Ngoja nimtake radhi."

"Mama, iache simu. Ntazungumza naye mimi."

"Zungumza naye vizuri, basi. Yule ana moyo laini."

Akainama. Miguuni alikuwa na raba nyeupe alizonunua kwa ajili ya safari. Wiki nzima alikuwa akizivaa ndani ya nyumba ili azizoee, kwani maisha yake yote alivaa ndara. Akazivua. Akazifuta soli kwa pembe ya kanga, ingawa hazikuwa zimekanyaga nje, akatia ile karatasi laini ndani yake, akazirudisha kwenye boksi. Kisha akaingia jikoni kuchambua mchele. Hakusema neno la kulalamika. Angelalamika, nadhani ningenyamaza mpaka Jumatano.

Jumatatu nilipima rangi ile ile mara tatu nikapata majibu matatu.

"Wewe unafikiria sana," mwenzangu akasema. Nilikuwa nimemweleza yote, pamoja na lile la kunyamaza. "Kwanza hilo tunda, si ndilo linanuka kama soksi?"

"Mama anasema linanuka kama kwao."

"Haya. Mamako anataka tunda ama anakutaka wewe?"

"Vyote viwili."

"Na hapo kwa mkono uko na ngapi?"

"Kimoja."

"Si umpe hicho kimoja." Akarudi kwenye mizani yake.

Jumanne asubuhi nikampigia dada benki.

"Badili jina," nikasema. "Mpeleke mama."

"Inshallah, sasa hivi ntawapigia—"

"Ngoja. Ile bahasha ilikuwa kodi. Haikuwa tunza."

Nikasikia mtu akimwita upande wa pili, naye akamwambia asubiri.

"Nnajua," akasema. "Nilidhani wewe ndiye unayetaka iitwe tunza."

"Wewe ndiye uliyetaka."

"Basi wataka nikurudishie? Ntaiuza bangili."

"Usiuze bangili ya mtoto. Nataka ujue tu, wiki unayompeleka ni yangu."

"Nimwambie mama mdogo?"

Nililitaka hilo kuliko nilivyotaka likizo. Nikamwona mama akipewa habari na yeye, kwa kicheko, na ikageuka hadithi nyingine ya wema wa dada.

"Usimwambie," nikasema. "Akikuombea dua, itikia amina."

"We mtoto una wivu," dada akasema, na safari hii hakucheka.

"Ninao."

"Haya. Nipe nusu saa."

Alinipigia baada ya dakika ishirini: jina langu limetoka, lake limeingia. Nikampigia mama nyumbani, nikamwambia avae raba zake, atakwenda na dada. Akasema haya basi, kisha akaniuliza kama nimekula. Nikamwomba meneja ruhusa, nikaendesha gari mpaka Ruwi, kwenye ofisi ya tiketi, nikaziweka tiketi mbili juu ya meza ya karani.

"Unafuta zote?" akauliza.

"Yangu futa," nikasema. "Ya mama iache kama ilivyo."